Ulimi Si Dawa ya Midomo



Jina la komini yetu, Kasuku, ni jina la ndege anayejua kusema. Lakini kasuku wa pori ana mudomo mugumu kama kucha, jua na upepo havimufanyi kitu. Sisi watu wa Kasuku tuko na midomo laini. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita mupaka mwezi wa nane, mvua inapopunguka hapa Kindu na mavumbi yanapopanda njiani, wengi wetu tunatembea na midomo iliyokauka. Inatoa magamba, inapasuka, na mutu akicheka kidogo tu, damu inatoka.

Pengine utaniambia: "Pasta, hilo ni jambo dogo. Tuko na malaria, tuko na feza za shule za kutafuta, na wewe unatuandikia juu ya midomo?" Ndiyo, kwa watu wengi ni jambo dogo. Lakini jambo dogo lisipojulikana linaweza kuzaa jambo kubwa. Sikiliza kwanza.

Kiangazi kimoja, binti mumoja wa kwaya alianza kuimba akifunika kinywa kwa kitambaa. Kisha akaacha kuja mazoezi. Mama yake alipofika kwetu nyumbani, alikaa chini na kulia. Watu walikuwa wakinong'ona: "Angalia midomo ya yule mutoto. Ile si ugonjwa wa bure, iko na kitu." Mama hakuwa tena na nguvu ya kupita sokoni.

Mke wangu hakusema mengi. Alimuita binti, wakakaa pamoja wakichambua maharagi. Mbele hata ya maharagi kwisha, alikuwa ameona jambo: kila mara binti alitoa ulimi na kulamba midomo. Alilamba bila kujua, kama vile mutu anavyopepesa macho. Rangi nyeusi na magamba yalizunguka kinywa chake mupaka pale ulimi ulipofika, haikupita hapo. Wakamupeleka kwa munganga, naye akasema vilevile: mutoto anajilamba mupaka anajiumiza. Alipewa mafuta ya kupakaa, akaambiwa aache ulimi ndani ya kinywa. Nyuma ya wiki chache aliimba tena bila kitambaa. Midomo ilipona mbele. Maneno ya watu ndiyo yalichelewa.

Basi leo ninataka kukuambia neno moja ambalo nyumba nyingi hazilijui: ulimi si dawa ya midomo.

Juu ya nini midomo inakauka mbele ya ngozi ingine?

Gusa mukono wako. Chini ya ile ngozi kuko vifuko vidogo sana vinavyotoa mafuta, na kuko vingine vinavyotoa jasho. Mafuta hayo yanazuia maji ya mwili yasipotee upesi. Sasa gusa mudomo wako. Pale pekundu pa mudomo hapana nywele, hapana jasho, na vile vifuko vya mafuta karibu havipo. Tena ngozi yake iko nyembamba sana, ndiyo maana damu inaonekana chini yake na mudomo unakuwa na rangi yake.

Ni kusema mudomo hauna mafuta yake wenyewe. Ni kama mulango wa mbao usiopakwa rangi: mvua, jua na upepo vinaupiga moja kwa moja. Hewa ikiwa kavu, maji ya mudomo yanapotea, ngozi inakuwa ngumu, na unapofungua kinywa kwa kusema ao kula, inapasuka.

Hapa Kindu, karibu na Lualaba na pori, hewa iko na maji mengi siku nyingi za mwaka, na kiangazi chetu ni kifupi. Lakini ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanajua taabu kubwa kuliko sisi. Kule kiangazi kinaanza mwezi wa tano na kupita mupaka mwezi wa tisa, na mwezi wa sita na wa saba kuko baridi na upepo mukavu. Kijana wa Kasuku anapokwenda kusoma ao kutafuta kazi kule, mara nyingi midomo yake ndiyo inamupa habari ya kwanza ya kwamba amebadilisha inchi. Mama, ukimufungia mizigo, usisahau kopo ya mafuta.

Kulamba kunaharibu namna gani?

Mutu anapoona mudomo umekauka, anaulamba. Anasikia vizuri kwa dakika moja. Lakini mate yanapokauka kwa upepo, yanaondoka pamoja na maji kidogo yaliyobaki katika ngozi. Mudomo unakauka zaidi kuliko mbele. Analamba tena. Hivyo kutoka asubuhi mupaka jioni.

Tena, mate si maji matupu. Mungu ameyaweka kinywani kwa kazi ya kuanza kuvunja chakula. Ndiyo maana ukitafuna muhogo ao mukate muda murefu, unakuwa mutamu kidogo: mate yameanza kuugeuza kuwa sukari. Kitu kinachofanya kazi hiyo juu ya chakula, kikikaa siku nzima juu ya ngozi nyembamba, kinaisumbua na kuitia vidonda.

Wengine hawalambi, lakini wanangoa magamba kwa meno ao kwa kucha. Hilo ni baya vilevile. Gamba linashikamana na ngozi nzima, na ukilivuta linaondoka na kipande ambacho hakikuwa tayari. Liache. Ukipakaa mafuta, litalainika na kuanguka lenyewe.

Mutoto mwenye desturi ya kulamba usimupige wala kumuchekelea mbele ya wenzake. Hajui kwamba anafanya. Mukubaliane naye alama moja: ukigusa sikio lako, yeye anakumbuka na kuchukua mafuta. Desturi haiondoki tupu, inataka desturi ingine ya kukaa mahali pake.

Mavumbi ya machimbo

Gazeti hili linasomwa na jamaa nyingi za wachimbaji: wale wa kasiterite wa Kailo, Kalima na Punia, wale wa zahabu, na wale wa shaba na kobalti wa Katanga. Baba mupendwa, wewe unayetoka chimboni jioni, midomo yako inapata taabu tatu kwa mara moja. Unapumua kwa kinywa juu ya kazi nzito, na pumzi hiyo inakausha. Unakunywa maji kidogo juu kisima kiko mbali. Na mavumbi yanashikamana na midomo.

Hapo ndipo kulamba kunakuwa jambo lingine kabisa, kwa sababu ukilamba, unameza mavumbi hayo. Mwaka 2018 wanafunzi wakubwa wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kazi yao juu ya mutaa wa Kasulo katika muji wa Kolwezi, ambamo watu walikuwa wakichimba kobalti katikati ya nyumba. Waliona kobalti nyingi katika mukojo wa wakaaji wa mutaa ule, na zaidi kwa watoto, hata wale wasioshuka shimoni. Njia yake ilikuwa mavumbi: yanaingia nyumbani, yanakaa mikononi, na mikono inafika kinywani.

Basi mufanye desturi hii. Mbele ya kula ao kunywa chimboni, suuza midomo na mikono kwa maji safi, kisha ule. Fungia kinywa na pua kwa kitambaa safi wakati wa mavumbi. Ukirudi nyumbani, oga na kubadilisha nguo mbele ya kumubeba mutoto. Na chukua chupa ya maji kama unavyochukua nyundo, maana nayo ni chombo cha kazi.

Mafuta gani yanafaa?

Kazi ya mafuta si kuleta maji katika mudomo, ni kufunga mulango ili maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo mafuta mazito na yasiyo na harufu ndiyo mazuri. Kwa wengi wetu, vazelini inatosha kabisa.

Je, unajua kwamba hata vazelini ilitoka kwa wachimbaji? Mwaka 1859 kijana mumoja mujuzi wa dawa na kemia, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mahali walipoanza kutoboa visima vya petroli. Aliona wafanyakazi wanachukia uchafu mumoja muzito kama nta uliokuwa unashikamana na vyuma vyao. Lakini wakijikata ao kuungua, walikuwa wakiupakaa juu ya kidonda. Aliuchukua, akausafisha miaka mingi, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali juu ya kitu hicho. Kitu walichokitupa kikawa mafuta ya nyumba zote. Hata hivyo haikuwa dawa ya kuponya. Inafunika tu, na mwili unajiponya chini yake.

Kama hauna vazelini, usisikitike. Mafuta ya mawese yaliyo safi, ya nyumbani, yanaweza kufaa. Yanatia rangi kidogo, basi yapakae usiku. Na kama kwenu kuko wenye kuvuna asali, usitupe masega. Nta yake ni mali.

Namna ya kutengeneza mafuta ya midomo nyumbani

1. Yeyusha masega matupu katika maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha yapoe. Nta safi itakaa juu ya maji.
2. Katakata nta vipande vidogo. Pima kijiko 1 cha nta na vijiko 3 ao 4 vya mafuta ya mawese ao mafuta mengine safi ya kula.
3. Tia vyote katika kopo, na kopo uiweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya makala, maana nta inashika moto.
4. Koroga mupaka viungane, mimina katika vikopo vidogo vilivyooshwa na kukauka, funika, acha vigande.

Yakiwa magumu sana, yeyusha tena na kuongeza mafuta. Yakiwa laini sana, ongeza nta. Yakianza kunuka vibaya, yatupe. Kila mutu awe na kikopo chake, na achukue kwa kidole kilichooshwa. Kikopo kimoja cha nyumba nzima kinapitisha magonjwa kutoka mudomo mupaka mudomo.

Pakaa asubuhi, pakaa nyuma ya kula, pakaa mbele ya kulala, na kila mara unaposikia hamu ya kulamba.

Sasa angalia vitu vya kuacha. Usipakae petroli, mafuta ya gari, majivu, wala dawa ya meno. Usiweke ndimu ao chumvi juu ya mudomo uliopasuka. Yale mafuta ya menthol yanayochoma na kuleta baridi yanasikilika kama dawa, lakini kwa wengi yanazidisha ukavu. Na ninyi madada, musipakae katika midomo yale mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengi yako na hidrokinoni, na mengine yamepatikana na zebaki, ambayo ni sumu, na kitu kilicho juu ya mudomo kinamezwa. Kama rangi ya midomo inakuletea muwasho, iache wiki mbili na uone. Asali nayo, watu wengi wanaipenda kwa midomo, lakini usiiweke kabisa katika kinywa cha mutoto asiyemaliza mwaka 1. Inaweza kumuletea ugonjwa mukali unaolegeza mwili na kuzuia pumzi.

Angalia pembe za kinywa

Kupasuka katikati ya mudomo mara nyingi ni kazi ya hewa. Lakini kidonda kinachokaa katika pembe za kinywa, upande mumoja ao zote mbili, kinaweza kusema habari ya chakula. Mutu anayekosa vitamini B2, inayoitwa riboflavini, ao anayekosa chuma katika damu, mara nyingi anapasuka pale.

Bugali ya muhogo inashibisha, lakini peke yake haijengi mwili. Ndiyo maana wazee wetu hawakuila bila kitoweo. Sombe, samaki wa Lualaba, mayai, karanga, maharagi, maini, maziwa kwa wanaoyapata, hivyo ndivyo vinavyoleta kile ambacho mudomo unalilia. Baba akila samaki peke yake na watoto wakibaki na bugali na muchuzi, pembe za vinywa vya watoto zitamushitaki mbele ya mutaa wote.

Wazee waliopoteza meno nao wanapata vidonda hivyo, juu pembe zao zinakunjana na mate yanakaa pale, na kuvu wadogo wanaotwa kandida wanazaliana. Hapo vazelini haitoshi, munganga atatoa dawa ya kuvu. Vivyo hivyo kwa mutu mwenye utando mweupe ndani ya kinywa usioondoka. Aende apimwe na kupata dawa. Kupimwa si aibu, na si kazi ya jirani kumupima kwa macho akiwa sokoni ao kanisani.

Wakati mudomo unaita munganga

Mama, kwa mutoto mudogo mudomo mukavu hauna ruhusa ya kungojea. Kama anaharisha, anatapika ao ana homa, na midomo inakauka, machozi hayatoki anapolia, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, anakojoa kidogo, maji yanakwisha mwilini. Mafuta hayasaidii hapo. Muendelee kumunyonyesha, na kama hauna paketi za ORS, tengeneza maji haya: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa sawasawa, bila mulima juu. Mupe kidogo kidogo, na ushike njia ya kituo cha afya. Akilegea ao akishindwa kunywa, usipoteze hata saa moja.

Nyuma ya homa, watu wengi wanatoka malengelenge madogo yanayokaa pamoja kando ya mudomo. Wengi wanasema ni joto la malaria linatoka. Kumbe ni virusi vilivyokuwa vimelala mwilini na homa ikaviamusha. Mara nyingi vinapona vyenyewe kwa wiki moja ao mbili, lakini vinaambukiza. Usinywe kikombe kimoja na wengine siku hizo, na usimubusu mutoto muchanga. Kwake ugonjwa huo unaweza kuua.

Kama vipele viko katika kinywa na katika mwili pia, pamoja na homa na matezi yaliyovimba, nenda hospitali bila kukawia. Inaweza kuwa mpox, ugonjwa ambao ulitambuliwa kwa mutu mara ya kwanza katika inchi yetu mwaka 1970.

Mutoto aliyekonda, ao anayetoka katika surua, akianza kuwa na kidonda katika ufizi, kinywa kikinuka na shavu likivimba, mukimbize siku ileile. Kuko ugonjwa unaoitwa noma, unaokula shavu na mudomo kwa siku chache tu. Mwezi wa kumi na mbili 2023, OMS iliuweka katika orodha ya magonjwa ya inchi za joto yaliyosahauliwa. Ukipata dawa mapema, unasimama.

Mwisho, kidonda cha mudomo kisichopona kwa wiki tatu, ao mahali pa mudomo panapokuwa pagumu na kutoa damu tena na tena, paonyeshwe kwa munganga, maana hata kansa inaanza hivyo. Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari zaidi, kwa sababu midomo yao haina kinga ya kutosha juu ya jua. Wavae kofia pana, wafanye kazi kivulini katikati ya muchana, na wakipata mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, yaliyoandikwa SPF 30 ao zaidi, wayatumie kila siku. Kanisa ao jamaa ikichanga feza kidogo kwa kununulia mutoto mwenye ualbino mafuta hayo, imefanya kazi kubwa kuliko maneno mengi ya huruma.

Neno kwa vijana

Vijana wapendwa, ninyi ndio munaogopa sana macho ya watu. Ukiona mwenzako na midomo iliyopasuka, kuko mambo mawili unayoweza kufanya. Unaweza kunong'ona, ao unaweza kumuvuta kando na kumuambia: "Ndugu, acha kulamba, pakaa mafuta, na isipopona twende pamoja kwa munganga." La kwanza linafukuza mutu katika kwaya. La pili linamurudisha.

Yule binti tuliyesema juu yake mwanzoni alikuwa na ugonjwa mumoja tu, kulamba midomo yake mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa na ugonjwa wa kutumia ulimi juu ya midomo ya mwenzetu. Kwa yeye na kwa sisi, dawa ilianza pahali pamoja, ni kuacha ulimi ukae ndani ya kinywa.

Kiangazi kinapokaribia, basi, weka chupa ya maji karibu, tafuta kikopo chako cha mafuta, na uangalie vizuri vinywa vya watoto wako wanapokula. Mubaki na afya njema.